Taulo la Taifa

Ninyi mliopanga foleni hapa dirishani mkisubiri kuitwa, nipisheni kidogo niegemee ukuta niwapunguzie uchovu. Nitawasimulia habari za nchi ya Ng'arania. Si nchi yetu hii, msije mkaniletea matatizo. Iko mbali, ng'ambo ya ng'ambo. Nayo ndiyo nchi pekee duniani isiyo na jipu. Sisemi wana majipu machache. Hawana. Jipu likifika mpakani mwa Ng'arania linasoma bango la "Karibu Nchi Inayong'ara", linaona aibu, linageuza.

Ushahidi upo. Kila mwisho wa mwezi Wizara ya Usafi na Mng'aro iliziuliza shule zote zina wanafunzi wangapi wenye majipu, na shule zote zilijibu: hakuna. Zilijibu hivyo tangu Waziri, Mheshimiwa Shangwe Mtukuka, alipolipiga marufuku neno lenyewe. Mwanafunzi aliyevimba shingo akatoka usaha alihesabiwa kuwa na "uvimbe wa maendeleo." Aliyevimba sehemu tatu alikuwa na maendeleo ya kasi, na mzazi wake alipelekewa pongezi.

Basi katika nchi hiyo alikuwepo mwalimu mmoja wa jiografia, jina lake Semeni, akifundisha shule ya bweni ya wasichana ya Ngazimia. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Tausi, na Tausi alikuwa kidato cha pili hapo hapo, analala bwenini na wenzake kama kanuni zilivyotaka. Kwa mdomo, mtoto yule alijaliwa. Jipu lilipomtoka gotini, dogo kama harage, alimvuta mama yake nyuma ya maktaba akamwonyesha huku anacheka.

"Huyu nimempa jina, mama. Anaitwa Mheshimiwa."

"Kwa nini Mheshimiwa?"

"Si kakaa tu? Anakula, ananenepa, na hana habari ya kuondoka."

"Nyamaza, wewe! Utatuponza."

Alilipata wapi? Hakuna aliyejua, yaani kila mtu alijua. Kila Jumamosi wasichana wa Ngazimia walinyolewa vichwa, na wembe ulikuwa mmoja kwa bweni zima, ili kudumisha umoja. Taulo za kujifutia zilitundikwa kwenye msumari mmoja. Ukitoka kuoga unachukua iliyo juu. Maji ya bomba yalikuwepo, tena mengi, ila yalikuwa ya kumwagilia bustani ya maua yaliyopandwa kwa kufuata herufi za jina la Waziri. Na Mheshimiwa Shangwe Mtukuka si jina fupi.

Habari ya dawa ndiyo usiseme. Shule ilikuwa na kopo la vidonge vya rangi mbili. Kichwa kikiuma, rangi mbili. Mafua, rangi mbili. Ukimkumbuka bibi yako usiku ukalia, rangi mbili. Ukifeli hesabu, rangi mbili na fimbo. Na kwa kuwa kopo lilitakiwa lifike mwisho wa muhula, mwalimu wa zamu alikifungua kidonge katikati, akawagawia wasichana wawili: wewe upande mwekundu, mwenzako upande mweusi, msigombane. Maumivu yakipungua unaacha, dawa inarudi koponi kumsubiri mwingine. Kwa mtindo huo mdudu wa majipu alionjeshwa dawa kidogo kidogo, kama mtoto anayeanzishwa uji, mpaka akaizoea, akanawiri.

Jipu la Tausi lilipofikia ukubwa wa limau, na homa nayo ikaja, Mwalimu Semeni alimpeleka kwa daktari wa wilaya, kijana mmoja aliyeitwa Lukindo. Lukindo alifunga dirisha kwanza, kisha mlango, ndipo akalipasua, akalisafisha na kulifunga bandeji. Kisha akaanza kunong'ona kama mtu anayetongoza kanisani.

"Mwalimu, huyu mdudu ni sugu. Dawa zote nilizo nazo hapa anazicheka. Akiingia kwenye damu... Hospitali ya rufaa wanazo sindano anazoziogopa. Mpeleke kesho. Usisubiri."

"Niandikie basi, baba, nikifika wanipokee."

"Nikiandika jipu, nafukuzwa kazi. Nikiandika uvimbe wa maendeleo, huko watampongeza na kumrudisha."

"Sasa nifanyeje?"

"Mfikishe tu. Wakimwona watajua wenyewe."

Mwalimu Semeni alirudi shuleni ameshika mkono wa mtoto, na mkono ule ulikuwa na joto la kikombe cha chai. Kesho, alijiambia. Kesho asubuhi na mapema.

Jioni hiyo hiyo redio ikafunguliwa kwenye bwalo la chakula, maana habari za mdudu mkaidi zilikuwa zimemfikia Waziri, na Waziri alikuwa amekasirika.

"Wananchi," alisema Mheshimiwa Shangwe Mtukuka, "nimearifiwa kwamba kuna mdudu anakataa dawa. Anakataa! Nikajiuliza, katika nchi hii, ni nani aliyewahi kukataa kitu tulichompa? Tuliwapa barabara bila lami, mlikataa? Tuliwapa shule bila madawati, mlikataa? Sasa huyu, ambaye hata kwa macho haonekani, kiburi anakitoa wapi? Nampa mpaka Ijumaa saa sita mchana awe amejisalimisha kituo cha polisi kilicho karibu naye!"

Na kwa kuwa mdudu angeweza kutoroka, shule zote zilifungwa mageti. Hakuna kutoka. Mwalimu Semeni alifika getini alfajiri na mtoto, akarudishwa na mlinzi. Akarudi mchana, akarudishwa. Ijumaa ikafika, saa sita ikapita. Jumamosi asubuhi redio ikatangaza kwamba mdudu ametii, na kwa furaha hiyo Taulo la Taifa litakimbizwa nchi nzima, shule kwa shule, na mageti yataendelea kufungwa ili asikosekane mtu wa kulipokea.

Kama hamlijui Taulo la Taifa, ni kwa sababu hamjasafiri. Rais wa Ng'arania, Baba Mng'aro mwenyewe, alijifutia jasho kwa taulo hilo siku aliyozindua mahali pa kunawia mikono katika shule fulani. Maji hayakutoka, lakini jasho lilitoka, na jasho lile likawa historia. Tangu hapo Taulo likakaa ndani ya kasha la kioo, likawa linakimbizwa na vijana wenye kaptula nyeupe, na popote lilipofika kila mwanafunzi alitakiwa alipokee kwa mikono miwili, ajifute uso, kisha ajifute pale panapomsumbua, ili usafi wa Baba umwingie. Halikuwahi kufuliwa. Kulifua ni kuliondolea jasho la Baba, na hilo lina kifungo. Wazee wenye kumbukumbu nzuri walisema hapo mwanzo lilikuwa jeupe.

Ikawa Taulo likipita shule moja leo, wiki ijayo shule nzima imevimba. Wataalamu wa Wizara waliliona hilo, msidhani ni wajinga. Walijifungia hotelini wakala kuku, wakatoka na tamko: imethibitika kwamba Taulo linavuta uchafu uliojificha ndani ya wanafunzi na kuutoa nje. Shule iliyovimba kupita zote ikapewa kikombe.

Kikombe hicho ndicho alichokitaka Mkuu wa shule ya Ngazimia, Bwana Nyangoma, kuliko hata pensheni. Alisimamisha masomo. Wasichana wakashinda uwanjani juani, wakiunda kwa miili yao neno TUNANG'ARA, ili Waziri alisome akiwa jukwaani. Mwalimu Semeni alimkuta Mkuu amesimama juu ya kiti, mkononi ana kipaza sauti.

"Mkuu, naomba ruhusa nimtoe Tausi. Homa haishuki. Goti limekuwa kama nazi."

"Tausi yuko herufi gani?"

"Mkuu?"

"Herufi, Mwalimu. Yuko wapi?"

"Yuko kitandani."

"Kwenye neno!"

Mwalimu Semeni aliutazama uwanja. "R," akasema. "Mguu wa R."

Mkuu alishuka kitini taratibu, kama mtu anayekwenda kutoa habari za msiba. "Unataka kunitolea mguu wa R. Waziri asome tunang'apa. Mbele ya taifa. Unajua kung'apa ni nini?"

"Sijui, Mkuu."

"Hakuna anayejua! Hiyo ndiyo hatari yake."

"Wasichana ni wengi, Mkuu. Weka mwingine pale. Nakuomba. Nitakupigia magoti."

"Usipige magoti hapo, umekanyaga N." Kisha akalegeza sauti, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mkuu tu. "Vumilia, Mwalimu. Kesho Taulo linafika. Anajifuta, anapona, mimi na wewe tunacheka."

Kesho ikafika, Taulo halikufika. Mkuu wa mkoa wa jirani alikataa kuliachia, akisema mama mkwe wake hajajifuta. Kesho yake likaondoka, lakini kila kijiji kiliweka mti barabarani ili nacho kihutubiwe. Huku Ngazimia, wasichana walijipanga asubuhi, wakaanguka mmoja mmoja kwa jua, wakainuliwa wakarudishwa kwenye herufi zao.

Tausi alikuwa bwenini peke yake, amejifunika blanketi mchana wa jua kali, anatetemeka. Wekundu ulikuwa umetoka gotini ukapanda. Mama yake alimkanda kwa kitambaa cha maji ya kuchemsha, akimpepea, akisikiliza nje wenzake wanavyoimba wimbo wa kulipokea Taulo.

"Mama," Tausi alisema, "Mheshimiwa ameanza ziara. Amefika pajani."

Mwalimu Semeni alicheka. Alicheka kwa nguvu, kwa sababu asingecheka mtoto angejua. Alichutama pale sakafuni akacheka mpaka machozi yakapata kisingizio.

Siku iliyofuata Tausi hakusema utani. Mama yake akamchokoza makusudi: "Haya, Mheshimiwa wetu leo anasemaje?" Mtoto alimtazama muda mrefu, kama mtu aliyeulizwa habari za jirani asiyemjua.

Hapo ndipo Mwalimu Semeni, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuchelewa hata kipindi, alipofungua kanga, akambeba binti yake mgongoni kama alivyombeba zamani. Miguu ilikuwa mirefu sasa, ilikuwa inaburuza. Akapita nyuma ya jiko, kwenye tundu la uzio ambalo wasichana walilitumia kwenda kununua maandazi na ambalo yeye mwenyewe aliwahi kuwachapa kwa kulipitia. Mbele ya uwanja Mkuu alikuwa anapaza sauti: "Mguu wa R uko wapi? Nani kauona mguu wa R?"

Barabarani alimpata kijana wa bodaboda.

"Shikamoo, mama. Huyo anaumwa nini?"

"Uvimbe wa maendeleo."

"Pole. Hata dada yangu anao." Kijana akavua koti lake akamfunika Tausi. "Mkalishe katikati, mama. Umkumbatie. Nitakwenda mpaka chombo hiki kilie."

Wakaenda, na chombo kililia kweli. Mwalimu Semeni alikuwa ameegemeza kidevu kwenye bega la binti yake, anahesabu nguzo za simu kwa sauti, na kila baada ya nguzo kadhaa anauliza, "Unanisikia?" na Tausi anajibu kwa kuminya kidole cha mama yake. Kwenye njia panda askari akanyanyua mkono. Magari yote yalikuwa yamesimama pembeni.

"Hakuna kusogea. Taulo linapita."

"Afande, mwanangu ananifia mikononi."

"Mwambie asubiri, mama. Hata mimi nasubiri kwenda chooni tangu asubuhi."

Ndipo msafara ukatokea. Zilitangulia pikipiki za polisi, yakafuata magari meusi, halafu vijana wa kaptula nyeupe wanaokimbia ndimi nje, halafu lori lililopambwa maua, na juu yake kasha la kioo. Nyuma ya kasha lilikuja gari la wagonjwa, jipya, linameremeta, taa zinazunguka. Gari hilo lilinunuliwa maalumu kulisindikiza Taulo, ikitokea likapatwa na lolote njiani. Ndani lilikuwa na kitanda, mtungi wa hewa, na vijana wa kikundi cha ngoma, kwa sababu basi lao lilikuwa limeharibika.

Mwalimu Semeni aliliona gari la wagonjwa, hakuona kitu kingine. Alimnyanyua Tausi kutoka kwenye pikipiki, akatembea naye mpaka katikati ya barabara, akasimama. Breki zikapiga kelele. Vumbi lilipotulia, Mheshimiwa Shangwe Mtukuka alikuwa ameshuka.

"Nani huyu?"

"Mwalimu wa jiografia, Mheshimiwa. Huyu ni mwanangu. Naomba hilo gari. Hospitali ya rufaa si mbali, hii barabara naifundisha darasani, naijua. Litamshusha lirudi, litawakuta mnahutubia bado. Mheshimiwa, nimekuomba. Nilaze hata mimi chini ya magurudumu, lakini yeye mlaze ndani."

Waziri alimtazama mtoto. Kisha akatazama nyuma yake. "Wapiga picha wako wapi?"

Walipofika, sauti yake ikapanda. "Wananchi! Mnaona mapenzi hayo? Mama huyu ameshindwa kusubiri Taulo limfikie. Amelifuata barabarani! Nani atasema watu wetu hawana imani?"

Watu wa magari yaliyosimamishwa wakapiga makofi, wengine kwa kuwa walitaka yaishe waende zao. Waziri akafungua kasha kwa mkono wake mwenyewe, akalitoa Taulo, akainama, akamfuta Tausi uso. Halafu akashika bandeji ya gotini akaivuta.

"Mheshimiwa, si hapo! Daktari alisema pasiguswe..."

"Mama, ni pale panapomsumbua." Akalikandamiza.

Tausi akafumbua macho. "Mama," akasema, "linanuka." Jioni yake redio ilieleza kwamba alisema linanukia.

"Na gari, Mheshimiwa?" Mwalimu Semeni alikuwa amemshika Waziri shati, jambo ambalo nalo lina kifungo. "Nimekubali Taulo. Sasa gari."

"Gari ni la Taulo, mama. Taulo likizimia njiani, nitamwambia nini Baba?" Walinzi wakavitoa vidole vyake kwenye shati kimoja kimoja. Askari naye akachukua ufunguo wa bodaboda, kwa kosa la kumpakia mtu aliyesimamisha Taulo. Ngoma zikaanza. Msafara ukaondoka.

Aa, jamani, msinune hivyo! Mnadhani naweza kuwaacha hapo, na foleni yenyewe ndiyo hii? Sikilizeni. Hata vumbi halijatua, Tausi akanyoosha mguu. Goti likanywea kama puto. Akasimama, akajipangusa, akaomba muwa, akautafuna pale pale barabarani. Kisha akakimbia, nawaambia, akakimbia akaupita msafara, akawapita wale wa kaptula nyeupe, mpaka wapiga picha wakaomba poo. Leo hii yuko chuo anasomea udaktari, na akikutana na mdudu sugu, anayekimbia ni mdudu. Eeh! Hapo sawa, chekeni. Mzee, taratibu, shikilia hiyo bandeji ya shingo. Na wewe mama mwenye kilemba cha kijani, pale karibu na dirisha, mbona hucheki? Mwisho mtamu hivi?

"Alikimbia?"

Nani, mama?

"Tausi."

Alikimbia, si nimesema? Hadithi tu, mama yangu, ya nchi ya mbali.

"Hebu vua kofia."

Ya nini tena, mama, na jua lote hili...

"Ni wewe. Ulikuwa umekaa kwenye kitanda cha lile gari, ngoma umeipakata. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Watu wote walikuwa wanamtazama Waziri, mimi nilikuwa nakutazama wewe. Nilimbeba kwa miguu, kijana. Tulipofika darajani sikuwa na sababu ya kuharakisha tena."

Mama, mimi nilikuwa...

"Sikukuuliza. Nilikutazama kwa sababu ulikuwa mdogo kama yeye. Nilidhani utasogea. Haya, endelea kuwasimulia. Umefika pale alipokimbia."